Mwanajeshi Si Spea

Kila mgomo ukitangazwa, mjomba wangu ana dawa moja tu: "Leta jeshi." Walimu wakigoma, leta jeshi. Madaktari wakigoma, leta jeshi. Kuna siku makanga wa ruti yetu waligoma kwa sababu ya hongo za karao, na mzee akasema leta jeshi. Nikamuuliza kama anataka kifaru kipige debe Jogoo Road. Hakucheka. Alihudumu jeshini zaidi ya miaka ishirini, akatoka na goti bovu na imani kwamba hakuna shida nchi hii inayoweza kuwashinda watu waliozoea kuamka saa kumi usiku.

Ningemwachia maoni yake kama yangekuwa yake peke yake. Lakini nayasikia pia kwa watu wa rika langu, watu wa digrii na bando, wanaojiita wanaharakati wikendi. Mwaka wa 2020, Meja Jenerali Mohamed Badi alipokabidhiwa NMS aendeshe huduma za Nairobi, wengi wetu tulishangilia. Walau lami itafika mtaani. Walau maji yatakuja. Mwaka huohuo KMC, ile tume ya nyama, ikahamishiwa Wizara ya Ulinzi, nasi hatukuuliza maswali mengi. Tulikuwa tumechoshwa na wanasiasa, na mtu aliyechoka hachagui anayemjia kumsaidia.

Mimi nilikuwa kwa hiyo laini ya washangiliaji, sitajifanya. Nilibadilisha mawazo polepole, na kilichonibadilisha ni kuangalia nini hasa hutokea siku mwanajeshi anapokaa kwenye kiti cha mtu aliyegoma.

Turudi JKIA, Jumatano, Machi 6, 2019. Wafanyakazi wa uwanja waliweka zana chini. Ndege zikakwama, abiria wakajaa nje na masanduku yao, polisi wa kutuliza ghasia wakaja na vitoza machozi, katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi akakamatwa. Kisha wanajeshi wa wanahewa wakaletwa kukagua abiria na mizigo. Picha zilisambaa: mtu wa magwanda ya kijeshi kando ya mashine ya eksirei. Na watu walipenda hizo picha. Wee, hata laini zilikuwa zimenyooka.

Lakini muulize mtu yeyote leo ule mgomo ulihusu nini. Wengi watakwambia mshahara, kwa sababu tumezoeshwa kwamba mfanyakazi hana kingine kichwani isipokuwa payslip. Jambo kubwa lilikuwa mpango wa kuikabidhi Kenya Airways, kampuni iliyokuwa ikipata hasara mwaka baada ya mwaka, uendeshaji wa JKIA kwa miaka 30. Wafanyakazi walikuwa wanasema mpango huu umefichwa, haujaeleweka, na utatuumiza. Waliambiwa wanahujumu uchumi.

Miezi michache baadaye kamati ya Bunge inayohusika na uchukuzi iliukataa mpango huohuo. Julai 2019 wabunge wakapiga kura wakitaka Kenya Airways itaifishwe badala ya kupewa uwanja. Kwa lugha rahisi, watu waliotozwa machozi mwezi Machi walikuwa wamesema mwezi Machi kile ambacho waheshimiwa walikuja kukiona katikati ya mwaka, wakiwa wamekaa kwenye viti vya ngozi na chai mbele yao.

Ikarudi tena. Septemba 11, 2024, uwanja uleule, chama kilekile, na miaka 30 ileile, safari hii kwa kampuni ya Adani kutoka India. Wafanyakazi wakagoma, safari zikavurugika, tukalalamika mitandaoni kuhusu picha tunayowapa watalii. Novemba 21 mwaka huohuo Rais Ruto akasimama mbele ya Bunge akaufuta mpango, siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumfungulia Gautam Adani mashtaka ya hongo na ulaghai. Mara mbili, wasee. Mara mbili watu wanaobeba mizigo na kusukuma trolley walitupigia kengele kabla ya mtu yeyote mwenye ofisi.

Ndiyo maana ile picha ya mwanajeshi na eksirei hainifurahishi tena. Naona mtu aliyeletwa kuzima kengele wakati nyumba inafuka moshi. Yeye binafsi simlaumu. Aliamka akaambiwa leo unaenda uwanja wa ndege. Angesema nini?

Na hapo ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Hana la kusema. Kifungu cha 41 cha Katiba yetu kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Lakini soma Kifungu cha 24, ibara ndogo ya tano. Pale Katiba inaruhusu sheria ipunguze haki kadhaa za wanajeshi na polisi: faragha, kujumuika, kuandamana, haki za kazi, hata zile haki za kiuchumi na kijamii kama afya na makao. Naelewa kwa nini. Hakuna nchi inayotaka kikosi cha vifaru kipige kura kama kitaenda zamu au hakitaenda. Lakini angalia kinachotokea ukiunganisha hivyo vifungu viwili. Unamchukua mtu uliyemnyima haki ya kugoma, unamtumia kuvunja mgomo wa mtu aliye na haki hiyo. Kutoweza kwake kukataa ndiyo sifa yake kuu ya kazi. Hawakumchagua kwa sababu anajua kusoma eksirei.

Nilimsomea mjomba kifungu hicho kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema yeye alikula kiapo na hakuna mtu aliyemlazimisha. Sawa, nikamwambia, uliapa kulinda nchi dhidi ya adui. Mama wa kusafisha terminali alikuwa adui wa nani?

Kuna neno linalotumika kumaliza mazungumzo haya: huduma muhimu. Ukilisikia ujue mtu anataka kukunyamazisha. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 ina jedwali lake la huduma muhimu, na si refu: maji, hospitali, waelekezaji wa ndege na mawasiliano yao, zimamoto, posta na serikali za mitaa, feri. Humo watu hawaruhusiwi kugoma, na mizozo yao inafaa ipelekwe mahakamani isikizwe. Kwa jinsi ninavyoisoma, mtu anayekagua begi lako hayumo. Mtu anayepanga mizigo kwenye mkokoteni hayumo. Aliyemo ni yule wa kwenye mnara anayezungumza na rubani. Lakini siku ya mgomo kila kitu kinageuka kuwa huduma muhimu, kisha siku ya kulipa kila kitu kinageuka kuwa kibarua. Hebu nitajie siku moja uliyomsikia waziri akiingia kwenye mazungumzo ya mishahara akisema, "Hawa watu ni huduma muhimu, tuwalipe hivyo."

Sasa nije kwa sehemu ngumu, kwa sababu nikiiruka mtaniita mwongo, na mjomba ataniita kitu kibaya zaidi.

Mwaka wa 2017 wauguzi waligoma kuanzia Juni 5 hadi Novemba 2. Siku 150. Katikati ya hizo siku shosho yangu, mamake mjomba, alipatwa na kiharusi. Mjomba ndiye aliyembeba hadi hospitali ya umma iliyokuwa karibu. Getini alikuwa bawabu peke yake, na bawabu akamwambia hakuna mtu ndani. Si kwamba hakumwonea huruma. Alimfungulia geti ajionee mwenyewe: wadi tupu, vitanda vimekunjwa magodoro, ukimya. Walizunguka wakitafuta gari hadi hospitali ya misheni, wakachanga pesa ya kulaza, na saa zilikuwa zimeshakwenda. Shosho aliishi miaka miwili mingine bila kuutumia mkono wake wa kulia. Alijifunza kumenya ndizi kwa mkono wa kushoto, akashikilia ile sahani kwa magoti.

Kwa hivyo mjomba akisema "leta jeshi" hazungumzi kuhusu picha nzuri za uwanja wa ndege. Anazungumza kuhusu lile geti. Anasema: kama pale ndani kungekuwa na nesi mmoja wa jeshi, mmoja tu, mama angekuwa na mkono. Na mimi sina jibu la kumpa mtu wa namna hiyo isipokuwa kukubali. Ningekuwa mimi ningempokea huyo nesi wa jeshi na kumbusu buti.

Kwa hivyo sisemi jeshi lisiguse kamwe. Shirika la Kazi Duniani lenyewe, ambalo si rafiki wa kuvunja migomo, linakubali kwamba serikali inaweza kutumia wanajeshi kuendeleza huduma ambazo kukatika kwake kunahatarisha maisha, hali ikiwa mbaya kweli. Nje ya hapo linaona ni ukiukaji mkubwa wa uhuru wa vyama. Na linaongeza jambo ambalo huku kwetu huwa tunaliruka: ukimnyima mtu haki ya kugoma kwa sababu kazi yake inashikilia uhai, lazima umpe njia nyingine ya haraka na ya haki ya kusikizwa. Hicho ndicho kitu tusichonacho.

Angalia madaktari. Mkataba wa pamoja ulitiwa sahihi Juni 2013. Ukakaa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Desemba 5, 2016 wakagoma. Mgomo ulikwenda siku mia hivi, hadi katikati ya Machi 2017, na katikati yake viongozi wa chama chao wakatupwa jela kwa kudharau mahakama. Nani alikuwa amedharau nini kwa miaka mitatu kabla ya hapo, hilo halikuwa na jela. Na hata sahihi mpya hazijakauka vizuri, serikali yetu ikawa imeenda Tanzania kuomba madaktari 500, na Rais Magufuli akakubali. Mahakama ikasimamisha mpango, na Magufuli akaishia kuwaajiri kwao wale 258 waliokuwa wameomba. Hao hawakuwa wanajeshi, lakini fikra ni ileile: mtu wako akilalamika, usimsikize, tafuta spea.

Mkataba wa 2017 ulisema daktari mwanagenzi alipwe shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka wa 2024 serikali ikasema itawalipa 70,000. Mgomo ukaanza Machi 14, ukaisha Mei 8 baada ya siku 56, na hata siku ya kurudi kazini suala la wanagenzi lilikuwa bado linaning'inia. Ukihesabu kutoka 2013, hao ni watu waliogoma, wakatia sahihi, wakagoma ili sahihi iheshimiwe, wakatia sahihi nyingine, wakagoma tena kwa ajili ya hiyo nyingine. Nikiambiwa hii ni dharura nauliza dharura gani inayochukua miaka kumi na moja kupikwa.

Hapa ndipo mimi na mjomba hutengana. Nesi wa jeshi siku ya kwanza anaokoa mgonjwa. Siku ya tisini, nesi huyohuyo ndiye anayewezesha kuwe na siku ya tisini na moja. Kila pengo analoziba linamwondolea presha mtu mmoja, na mtu huyo hayuko kitandani. Yuko ofisini na kalamu. Na jeshi halina wauguzi wa kutosha nchi nzima, kila mtu anajua, hata yeye anajua. Watawekwa kwenye hospitali mbili tatu kubwa ambako kamera hufika. Lile geti la shosho, huko hakuna kamera. Huko lingebaki na bawabu wake.

Wenzetu wamejaribu haya kabla yetu na tunaweza kuona walifika wapi. Uingereza, Novemba 1977, wazimamoto waligoma nchi nzima kwa mara ya kwanza, wiki tisa. Serikali ikatoa wanajeshi na malori ya kijani ya miaka ya hamsini waliyoyaita Green Goddess, yaliyoundwa kwa ajili ya siku ya bomu la nyuklia. Mgomo ukaisha kwa nyongeza ya asilimia 10 pamoja na mfumo wa kupanga mishahara yao ya baadaye, yaani mwishowe ilibidi wakae mezani. Mwaka wa 2002 wakagoma tena, na malori yaleyale yakatolewa tena, ya umri wa karibu nusu karne. Fikiria hiyo. Robo karne ilipita, na mpango ukabaki ni mwanajeshi na lori kuukuu.

Marekani ni mbaya zaidi. Agosti 1981 waelekezaji wa ndege waligoma. Chama chao kilikuwa kimempigia debe Ronald Reagan mwaka uliotangulia, na Reagan mwenyewe aliwahi kuwa rais wa chama cha waigizaji. Akawapa saa 48, kisha akafuta kazi zaidi ya 11,000, wasimamizi na waelekezaji wa kijeshi wakashika minara. Ndege ziliendelea kuruka, ndiyo, chache zaidi. Lakini ilichukua miaka kujaza zile nafasi, na waajiri wote wa nchi ile walijifunza siku ile kwamba mgomo unaweza kumalizwa kwa kufuta watu. Mjomba hupenda sana hadithi hii. Mimi humuuliza kama angepanda ndege inayoongozwa na mtu aliyeketi kwenye kile kiti wiki iliyopita. Hunijibu kwa kubadilisha chaneli.

Na si mimi tu raia mlalamishi ninayesema hivi. Desemba 2022, Uingereza ilipopanga wanajeshi wakague pasipoti na kuendesha ambulensi kwa sababu ya migomo, mkuu wa majeshi yao, Admiral Tony Radakin, alisema hadharani kuwa jeshi si akiba ya ziada ya kujazia mapengo, lina kazi yake. Mwenye jeshi amesema jeshi si spea. Huku kwetu tunangoja nani aseme?

Mnakumbuka Juni 25, 2024. Jioni ile, wakati tulikuwa bado tunatafutana kwa simu nani amefika nyumbani na nani hajafika, gazeti rasmi la serikali likatangaza kuwa KDF wanatumwa kusaidia polisi. Kifungu kilichotumika ni 241, kile kinachosema jeshi litasaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au janga na kuripoti kwa Bunge la Kitaifa. Sababu mojawapo ilikuwa kulinda miundombinu muhimu. Kumbe lile neno "muhimu" lilikuwa linazunguka tu likitutafuta. Tulipokuwa tukishangilia mwanajeshi wa eksirei 2019, na jenerali wa kanjo 2020, tulikuwa tunazoea kumwona mjini. Siku alipokuja kwa ajili yetu hakuwa mgeni.

Kwa hivyo nataka nini? Nataka kabla mwanajeshi hajashuka kwenye lori, waziri asimame Bungeni aseme ni huduma gani, wapi, siku ngapi, na ni nani atakayekufa ikikatika. Katiba inataka ripoti. Itolewe basi, isomwe kwa sauti. Akishindwa kutaja mtu atakayekufa, lori lirudi kambini, na abiria walale kwenye masanduku yao usiku mmoja, nimeshalala hivyo, haiui. Nataka vyama vya wauguzi na madaktari navyo viache watu wa dharura na wa wodi ya kujifungua kila mgomo, bila kuombwa, kwa sababu lile geti lilikuwa na kosa la pande mbili na mimi sitaki kulisahau upande mmoja. Na zile saa ambazo mwanajeshi yuko kazini, mwenye kalamu awe amefungiwa chumbani na chama, na asitoke hadi watie sahihi. Mlango huo ndio mwanajeshi aulinde, kama lazima awe na kazi.

Mjomba alikipenda hicho cha mwisho. Alicheka kwa mara ya kwanza jioni yote, akajinyoosha goti. Kisha akaniuliza, siku ile ya shosho, ningekuwa mimi ndiye serikali, ningefanya nini.

Nikamwambia ningeleta nesi wa jeshi asubuhi hiyohiyo. Na kabla ya saa sita ningempigia simu yule mwenye kalamu.

"Na asiposhika?"